Barua kwa Salma kuhusu Ellen Wilkinson

Mpendwa Salma,

Baada ya salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani, habari ya cherehani cha shangazi yako, kilichobebwa na wakopeshaji ilhali zimebaki awamu mbili tu, imenikaa moyoni, na ndiyo iliyonirudisha kwa Ellen Wilkinson, mbunge wa Uingereza ambaye hotuba zake nimekuwa nikizisoma.

Aliingia katika Bunge la Makabwela mwaka 1924 kwa tiketi ya chama cha Labour, akiwa mwanamke pekee katika viti vya upinzani. Mwaka 1926, wabunge walipojadili hali ya wachimba makaa, alinyanyua mbele yao kamba yenye mnyororo ambayo vijana wa migodi ya Somerset walifungwa kiunoni, mnyororo ukapitishwa katikati ya miguu, ili wakokote makaa wakitambaa kwa mikono na magoti. Kila nikifika hapo kwenye maelezo hayo hufunga kitabu kwanza.

Alishindwa uchaguzi wa 1931, akarudi 1935 akiwakilisha Jarrow, mji ulioporomoka baada ya kiwanda cha meli cha Palmers kufungwa. Wengi humkumbuka kwa maandamano ya kudai kazi ya Oktoba 1936, wanaume 200 walipotembea hadi London na sanduku la mwaloni lililobeba ombi lenye saini zaidi ya 11,000. Alipoliwasilisha bungeni tarehe 4 Novemba, alieleza kwamba mahali palipoajiri watu 8,000 sasa pana 100 tu, tena kwa kazi ya muda. Serikali ikajibu kwamba hali ya ajira Jarrow imepata nafuu, na Bunge likaendelea na shughuli zake.

Hata hivyo, mimi naithamini zaidi kazi yake isiyoimbwa. Mwishoni mwa 1937 alileta muswada binafsi kuhusu ununuzi wa kulipa mdogo mdogo, kwa sababu mwenye duka aliweza kuipokonya familia samani zake pindi ilipochelewesha malipo ya mwisho, asirudishe hata senti, kisha akaziuza upya. Wabunge wa vyama mbalimbali walimuunga mkono, na sheria ikapita mwaka 1938: mnunuzi aelezwe bei ya taslimu kabla ya kutia saini na, kwa vitu vya nyumbani visivyozidi pauni 100, akishalipa theluthi moja, mali isichukuliwe pasipo amri ya mahakama.

Salma, sheria yetu ya Kenya ina kifungu cha namna hiyo, ila kiwango chake ni theluthi mbili, na shangazi ameshazipita. Nakuomba utafute mkataba wake na stakabadhi zote, hata zile zilizokunjika mkobani, tuone kama mkataba huo unaingia chini ya sheria hiyo kabla hawajakiuza cherehani chake. Nitumie picha za karatasi hizo hata usiku.

Wako akupendaye,
Mwanaisha