Shoga kajitoa safari ya meli, mimi ndiye nadaiwa

Anti, salaam. Naandika kutoka Houston, Texas. Nina siku sita tu za kuamua jambo hili, ndiyo maana sikungoja Jumapili.

Mwezi wa nne natimiza miaka 50. Mimi na shoga yangu, sote watu wa Tanga na tumefahamiana hapa hapa Houston miaka kumi na nne, tulikubaliana tusherehekee kwa safari ya meli ya kitalii. Meli inaondoka bandari ya Galveston, inatupeleka Cozumel na Roatán, tunarudi baada ya usiku saba. Tulicheza mchezo wa upatu na wenzetu wanne mwaka mzima kupata hela. Tukachukua chumba kimoja chenye kibaraza cha kutazama bahari: nauli dola 900 kila mtu, na juu yake dola 190 za kodi na ada za bandari. Tumelipa zote. Hata sare ya kitenge kwa ule usiku wa kuvaa rasmi fundi ameshashona.

Juzi akanipigia nikiwa kazini (nahudumia wazee, simu napokea kwa kujiiba). Kaka yake kamtumia picha za nyumba anayojenga Muheza. Kuta zimefika kwenye lenta, masika ndiyo hayo, mafundi wanasema bila mabati tofali zitaloa. Kwa hiyo hasafiri tena, anataka hela yake akaezeke.

Sikukasirika, Anti. Nami ninajenga, najua mvua haimsubiri mtu. Nikamwambia ghairi, mimi nitakwenda peke yangu. Nilidhani ni jambo la kufuta jina moja tu.

Wakala akanifungua macho. Ile 900 si bei ya mtu, ni nusu ya bei ya chumba, kwa sababu kampuni huuza chumba kwa hesabu ya watu wawili. Mmoja akitoka, bei yangu inapigwa upya kama mtu aliyekodi chumba kizima, yaani niongeze 900 nyingine. Mwenzangu naye akighairi sasa wanamkata nusu ya nauli, anarudishiwa 450 pamoja na zile 190, jumla 640. Baada ya tarehe 4 Machi wanakata robo tatu. Zikibaki wiki mbili wanakata nauli yote, anabakiwa na za bandari tu.

Wakala akashusha sauti: kwa kampuni hii, asipoghairi, akaacha tu kutokea bandarini siku ya safari, mimi bei yangu haiguswi. Chumba kimeshalipiwa cha wawili, mmoja hajafika, basi. Yeye atarudishiwa 190 za bandari, ila nauli imekwenda na maji.

Umeona ulipo mtego? Akighairi leo anapata 640 na mimi naumia 900. Akikaa kimya mimi niko salama, yeye anapoteza 450 ambazo ni mabati kadhaa. Miaka kumi na nne hatujawahi kugombania hata bakuli, sasa kila mmoja anamsikilizia mwenzake nani ataumia.

Nilimweleza yote bila kuficha. Akacheka, akasema sawa, jina lake libaki, ila mimi nimpe hiyo 450 anayoikosa. Mwanzoni nilihisi nimetukanwa: nimlipe mtu kwa kutokuja? Halafu nikapiga hesabu. Nami nikighairi nakatwa 450 hiyo hiyo. Kubaki nyumbani 450, kwenda 450! Na kwenda angalau nitakula.

Utaniuliza bima. Mimi nilikata, yeye alisema ni kutupa hela. Yangu inafidia hilo ongezeko la chumba iwapo mwenzangu amejitoa kwa sababu zilizoandikwa humo, kama ugonjwa au msiba, tena kwa cheti. Mabati hayamo. Shoga akapendekeza tuseme mama yake kalazwa Bombo, atatafuta mtu wa kumwandikia karatasi. Hapo nilikataa katakata. Kwanza ni wizi. Pili, mama yule mzima anauza vitumbua vyake kila asubuhi, nani anataka kumwita mgonjwa? Maneno huumba.

Imebaki njia ya kubadili jina. Kampuni inaruhusu mtu mwingine aingie nafasi yake maadamu mimi wa mwanzo nimo, kwa ada ndogo. Na mtu yupo: wifi yangu. Ana grinkadi, ana pasipoti, ana likizo, na tangu asikie habari hii ananipigia asubuhi na jioni. Ila anasema atatoa nusu tu ya ile 1,090 ya nauli na bandari, yaani 545, kwa sababu "nafasi yenyewe ilikuwa inaoza". Shoga hataki, bora 640 za kampuni. Tofauti ni dola 95, ningeweza kuziba mwenyewe nikamaliza.

Lakini Anti, wifi huyu! Kila ninachokula kinafika kwa mama mkwe kabla sijanawa mikono. Hulala na simu sikioni, akiacha kuongea anakoroma. Chumba chenyewe, ukitoka kitandani umefika kwenye sofa, ukitoka kwenye sofa umefika kibarazani. Usiku saba. Na ni hamsini yangu hii, nilitaka kukaa na mtu ninayeweza kunyamaza naye.

Nisaidie. Nimpe shoga 450 nikae peke yangu, au niongeze 95 nimbebe wifi? Na kama ni 450, nimpe sasa akaezeke, au nisubiri meli ing'oe nanga, maana akibadili mawazo akaghairi baada ya kupokea, bili inarudi kwangu? Kumwandikisha shoga karatasi naona aibu, kutomwandikisha naona hofu.

Sare yake bado iko kabatini kwangu. Wifi aliijaribu jana bila kuniuliza, zipu ikagoma mgongoni.

Mama wa Hamsini, Houston