Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wetu: binti alikuwa anasubiri majina yatoke

Ndugu Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri,

Kamwene. Nakuandikia hadharani kwa sababu ninachoomba, msaada kwa vijana wa kata yetu wanaoomba vyuo na mikopo, si changu peke yangu, na nataka majirani zangu wajue nimeomba nini.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Mwezi Agosti mwaka jana, siku moja kabla ya dirisha la kwanza la udahili wa vyuo vikuu kufungwa, nilikwenda kwa dada yangu kumjulia hali. Nikamkuta yuko shambani na binti yake, wanachimba viazi. Matokeo ya kidato cha sita yalikuwa yametoka tangu Julai na mpwa wangu alikuwa amefaulu: Kemia C, Biolojia C, Jiografia D. Nikamuuliza ameomba chuo gani. Akanyoosha mgongo, akapangusa udongo mikononi, akanijibu, "Mjomba, bado tunasubiri majina yatoke."

Nilikaa pale pale kwenye tuta.

Binti huyu si mzembe, naomba hilo lieleweke kabla sijaendelea. Alipomaliza kidato cha nne, tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano, alijaza akiwa bado shuleni, kisha akarudi nyumbani kusubiri. TAMISEMI ikatoa orodha, jina lake likawemo, akafunga sanduku akaenda kidato cha tano. Wanaokwenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria nao huona majina yao kwenye orodha. Maisha yake yote ya shule, serikali ndiyo iliyomwita. Nani alimwambia kwamba kuanzia hapa haitwi tena, kwamba sasa ni yeye anayebisha hodi? Tangu mwaka 2017 kila mwombaji anapeleka maombi yake moja kwa moja kwenye chuo anachokitaka. Tume ya Vyuo Vikuu inatoa mwongozo, inatangaza madirisha na kuweka sifa za chini: ufaulu wa masomo mawili wenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Zile C mbili peke yake zilimpa pointi 6. Sifa alikuwa nazo. Habari ndiyo hakuwa nayo, na nyumbani kwao hakuna aliyewahi kuipitia njia hiyo ili amwambie.

Tulianza saa kumi na mbili jioni. Namba ya mtihani ya kidato cha nne hakuikumbuka, na karatasi ilikuwa chini kabisa ya kabati, imekunjwa pamoja na kadi ya kliniki ya mdogo wake. Bondeni kwao mtandao haushiki, kwa hiyo tulipanda hadi kwenye miti ya milingoti, yaani mikaratusi, juu ya barabara, mahali ambapo vijana huenda kupiga simu. Unajua baridi ya huku kwetu msimu ule. Dada yangu alitufuata na blanketi na tochi. Binti akawa anasoma namba, mimi naandika kwenye simu. Ukurasa ukigoma, tunaanza upya. Aliniuliza tofauti ya misitu na kilimo kama kozi, na nilimjibu kwa haraka ambayo hadi leo inaniuma, maana lile ni swali la kujadiliwa wiki nzima, mchana, watu wameketi. Tulimwombea Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, shahada ya misitu. Nikalipa ada ya maombi kwa simu. Saa tano na dakika arobaini usiku ujumbe wa kupokelewa ukaingia, chaji ikiwa imebaki asilimia sita. Mpwa wangu aliusoma mara mbili kwa sauti, halafu akalia, na mama yake akamfunika blanketi.

Alichaguliwa. Lakini mkopo ulimpita, na hapa ndipo penye barua yangu.

Fomu ya Bodi ya Mikopo hujazwa mtandaoni, huchapishwa, inasainiwa na mdhamini, inagongwa muhuri wa serikali ya kijiji, inapelekwa kwa wakili au hakimu kama kamishna wa viapo, kisha kurasa zenye sahihi zinaskaniwa na kurudishwa mtandaoni. Cheti cha kuzaliwa nacho sharti kiwe kimehakikiwa. Kila hatua ina sababu yake na sizipingi: ni fedha za umma. Ila hebu uzihesabu kwa miguu ya mtu wa kijijini. Mwenyekiti yuko hapa, mashine ya kuchapisha iko mjini Makambako, wakili yuko Makambako, na ukisahau muhuri mmoja unarudi kijijini kisha unapanda gari tena. Tulikwenda mara tatu.

Safari ya pili ndiyo wakili alipoona jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameliona kwa miaka kumi na minne ya shule. Jina la baba yake kwenye cheti cha kuzaliwa limeandikwa kwa L, na kwenye cheti cha kidato cha nne limeandikwa kwa R. Herufi moja. Kwa matamshi ya huku kwetu ni jina lile lile, baba ni yule yule, lakini kwenye mfumo ni watu wawili. Ikabidi itafutwe hati ya kuweka majina sawa. Hati ilipofika mkononi, dirisha la mkopo lilikuwa limefungwa. Mkopo ungegusa ada, vitabu, mafunzo kwa vitendo, na chakula na malazi kwa kiwango cha shilingi 10,000 kwa siku. Badala yake shemeji yangu aliuza milingoti aliyoipanda mwaka aliozaliwa mtoto wake wa mwisho. Ilikuwa ya kuwa nguzo. Ikauzwa mirunda, miti michanga ya kujengea.

Ndugu Mkurugenzi, sikuombi fedha mpya. Shule yetu ya sekondari ya kata ina chumba cha kompyuta, na Julai na Agosti nimepita pale mara nyingi nikaona mlango una kufuli. Naomba kila mwaka, kuanzia siku matokeo ya kidato cha sita yanapotoka hadi madirisha yanapofungwa, chumba kile kiwe wazi kwa waombaji wa kata nzima, na mwalimu mmoja apangiwe zamu. Siku moja katika wiki, mtendaji wa kata aje na muhuri wake, wenyeviti wa vijiji waje na ya kwao, na mwanasheria wa Halmashauri aje, au umwombe hakimu wa Mahakama ya Mwanzo. Fomu iliyotuchukua safari tatu ingemalizika asubuhi moja chini ya bati moja.

Jina je? Hilo halisubiri kidato cha sita. Wanafunzi wanaposajiliwa kwa mtihani wa kidato cha nne, Afisa Elimu Sekondari aagize kila mkuu wa shule amtake mtoto alete cheti cha kuzaliwa, na majina yalinganishwe herufi kwa herufi, mzazi akiwa amekaa hapo. Asiye na cheti ajulikane mapema. Kosa likionekana wakati ule, lina miaka miwili na zaidi ya kurekebishwa. Likionekana Agosti ya mwisho, lina siku tano. Kwa miaka yangu yote ya kufundisha niliwasajili watoto kwa majina waliyonitajia mdomoni, na walimu wengi tulifanya hivyo. Natubu hilo mbele yako na mbele ya wazazi walionikabidhi watoto wao.

Na wazazi waambiwe. Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu. Katika ule unaotangulia Julai, iwekwe ajenda moja fupi: mtoto akimaliza kidato cha sita haitwi, anaomba mwenyewe, nyaraka ni hizi, chumba kiko pale. Dada yangu hakukosa mkutano hata mmoja mwaka jana. Walijadili mbolea ya ruzuku na mipaka ya mashamba, na angelisikia hilo angelishika kama alivyoshika tarehe za mbolea.

Mwaka huu katika kijiji chetu kuna vijana wanne wanaosubiri matokeo. Nimeshapita nyumba zote nne. Wawili vyeti vyao viko sawa, mmoja jina la kati halilingani na tumeanza kulishughulikia, wa nne hana cheti kabisa. Vijiji vingine vya kata hii sijavifikia, miguu yangu hainiruhusu.

Chumba kikifunguliwa, nitakaa humo kila siku kuanzia saa mbili asubuhi, bila posho. Naomba tu ufunguo na idhini yako kwa maandishi, maana mkuu wa shule hawezi kunifungulia bila hiyo.

Wako mwananchi,
Mwalimu mstaafu, na mjomba wa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza