Taarifa ya mwenyekiti kwa wanajumuiya, mwaka huu tuliomaliza

Assalaam alaykum ndugu zangu. Hesabu za pesa atazisoma mshika fedha, mie niachieni jambo moja tu maana mwaka mzima mmeniuliza hilo hilo, vile vimeng'enya vinavyopimwa kwenye saratani ya mapafu vinatwambia nini hasa?

Wenzetu wa Pemba mtanifahamu haraka. Tukikaa jamvini tunachambua, karafuu huku, makonyo, yaani vile vijiti vyake, kule. Ndani ya seli ndo hivyo hivyo, protini isiyotakiwa tena inabandikwa alama inaitwa yubikwitini kisha inapelekwa kukatwakatwa, na wenye kubandika ni hivyo vimeng'enya, na viko vyengine kazi yao kubandua. Ciechanover, Hershko na Rose walioigundua kazi hii walipewa Nobel ya kemia mwaka 2004. Sasa katika wabandikaji yumo mmoja, Skp2, akizidi huyu anatupa mpaka karafuu nzuri, yaani anaibandika alama protini inayoitwa p27, ambayo ndo breki ya seli, na breki ikishaondoka seli zinagawanyika ovyo. Ndo maana tafiti zimeona wagonjwa ambao uvimbe wao una Skp2 nyingi, kwa ujumla, hali zao zinakuwa mbaya zaidi.

Hilo "kwa ujumla" naomba mlishike sana. Ni hesabu ya kundi, si hukumu ya baba yako. Bi mkubwa mmoja alinipigia usiku analia, mwanawe kasoma kwenye simu akamsomea na yeye! Kipimo hichi bado ni cha utafiti, dakta anaangalia kwanza aina ya saratani, imefika hatua gani, na mgonjwa mwenyewe ana nguvu kiasi gani.

Lililoniuma mimi ni la marehemu kaka yangu. Ile nyama wanayokata pafuni inahifadhiwa kwenye kipande cha nta, hakifiki hata ukubwa wa kiberiti, na inaweza kupimwa tena hata baada ya miaka. Tukavuka na boti mpaka Dar, tukaulizwa nta iko wapi, kurudi spitali iliyomkata haionekani, ikabidi akatwe tena na wakati huo hata kukohoa kwake tabu.

Kwa hivyo kamati itanunua mafaili ya plastiki, kila mgonjwa na lake. Ukikatwa nyama uliza siku hiyo hiyo nta inakaa wapi na namba yake ngapi, andika. Anayevuka wiki ijayo aje kwangu kesho baada ya laasiri, ninalo moja tayari.