Barua kwa Kazungu: ile picha ya ukutani

South B, Nairobi
Jumapili usiku

Ndugu yangu Kazungu,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Natumai u mzima, mama watoto ni mzima, na viwavi wako nao ni wazima. Sisi tu salama, ila Mwanajuma anakohoa tangu mvua zianze. Nimekupigia simu wiki nzima hupatikani, mpaka Baraka akaniambia imetumbukia kisimani. Pole sana. Baraka anapanda basi la Malindi Jumatano jioni, ndiyo maana nimeshika kalamu. Atakuletea barua hii na bahasha ya kaki yenye picha kumi na moja. Akikuletea barua peke yake, mwambie afungue mkoba wake tena atafute.

Tangu mazishi ya Mama Riziki sijakuandikia hata mstari mmoja, nawe hukuniandikia. Tusidaiane. Nina jambo, na nimelizunguka siku nane sasa.

Unaikumbuka picha uliyonipa siku ile unahama Nairobi? Kipepeo wa rangi ya chungwa juu ya lantana, City Park, upande wa makaburini. Ukaandika chini kwa mkono wako: Danaus chrysippus, jike. Imekaa sebuleni kwangu juu ya redio miaka yote hii, na hakuna mgeni aliyeingia humu asionyeshwe. Basi Jumamosi ya juzi mvua ilitufukuza bustanini, nikawaleta watoto wa klabu yetu ya vipepeo kwangu wanywe chai. Zawadi, yule mdogo wake Akinyi, akapanda kiti kuitazama. Nimewazoesha kuhesabu madoa kabla ya kutaja jina. Akahesabu, akageuka: “Mwalimu, huyu hana matatu.” Nikamwambia aangalie tena. Akasogeza uso karibu, akasema, “Ana nusu.”

Nikaishusha picha nikaipeleka dirishani. Kazungu, mtoto kasema kweli. Katikati ya bawa la nyuma ni chungwa tupu, halina alama yoyote. Juu kabisa tu, pale bawa la mbele linapolifunika la nyuma, doa jeusi limechungulia nusu. Huyu si Danaus. Ni jike la Hypolimnas misippus, kipepeo mwingine anayemwiga Danaus.

Nakuandikia jinsi ninavyowaeleza watoto, nawe unisahihishe nilipopotoka, maana wewe unawafuga na mimi nawatazama kwa mbali tu. Danaus ana madoa meusi matatu katikati ya bawa la nyuma. Dume lina la nne, nene zaidi, ambalo ni kifuko cha harufu yake. Misippus jike ana moja tu, nalo liko juu kwenye ukingo wa mbele wa bawa lile. Akitua amekunjua mabawa, bawa la mbele huliteremkia na kulifunika doa lenyewe. Kwa hiyo anayepiga picha kutoka juu anaweza kurudi na picha nzuri isiyo na doa hata moja, na macho yakaridhika kwa ile rangi na ile ncha nyeusi yenye mkanda mweupe. Ndivyo ilivyokuwa picha yako. Laiti ungengoja afunge mabawa! Upande wa chini doa lile linaonekana lote, na madoa matatu ya Danaus nayo yanaonekana yote, wala hakuna la kubishania.

Ukingo wa bawa la nyuma nao unasaidia kidogo. Wa misippus una mawimbi, wa Danaus umenyooka zaidi. Lakini kwenye picha ya simu iliyovutwa kutoka mbali mawimbi hayo hupotea, kwa hiyo nawaambia watoto wasiyategemee.

Na ile ncha ya bawa, Kazungu, nimeifuta kabisa kwenye mafunzo yetu. Huko kwenu Pwani Danaus wengi ni dorippus, wale wasio na ncha nyeusi, chungwa mpaka mwisho. Huku Nairobi wamechanganyika, yuko mwenye ncha, yuko asiye nayo, na yuko wa katikati ambaye alama nyeupe zimebaki kama kivuli. Misippus naye hakubaki nyuma, ana umbo la inaria ambalo limeacha ncha nyeusi vilevile. Yaani aliyeigwa kabadili nguo na mwigaji kabadili naye. Ukimtambua kwa ncha umepotea.

Utaniuliza, jina tu hili, lina uzito gani hata nikuandikie kurasa nne? Ngoja nikueleze, maana hapa ndipo roho inaponiuma.

Unajua habari za Danaus wa Nairobi, kwamba majike ni wengi kupita kiasi. Kuna bakteria, Spiroplasma, ambayo jike huirithisha kupitia mayai yake, nayo huwaua wanaume wangali ndani ya yai. Watafiti wamekuja kutoka mbali kwa ajili ya jambo hili, na liko hapa hapa, kwenye magugu ya kando ya barabara zetu. Nilipowaeleza watoto walishangaa mno, wakataka kuhesabu wenyewe. Ndipo tukaanzisha daftari lenye safu mbili, jike na dume. Kila picha inatazamwa bawa la nyuma, kama kuna kifuko ni dume, kama hakuna ni jike.

Umeona shimo lilipo? Misippus anayemwiga Danaus ni jike peke yake. Dume lake ni jeusi, lina mawaa meupe matatu kila upande yaliyozungukwa na zambarau, hakuna awezaye kulifananisha na Danaus. Hivyo kila misippus tuliyemkosea ameingia safu ya majike. Hakuna hata mmoja aliyeingia safu ya madume, wala hawezi kuingia. Tumekuwa tukijaza upande ule ule ambao tulitaka kuupima. Kama makosa yangegawanyika huku na huku ningevumilia, lakini haya yote yanavuta upande mmoja.

Kwa hiyo tumeanza upya. Jumamosi hii tulikaa sakafuni na picha zote za chungwa, tukaweka mafungu matatu: hakika, si hakika, na ambazo haziwezi kuamuliwa kamwe. Fungu la tatu ndilo lililowaliza watoto. Otieno ana picha moja nzuri ajabu, jua linapita kwenye bawa, tone la maji kwenye kipapasio, lakini bawa la nyuma limejificha lote nyuma ya jani. Alinisihi. Nikamwambia tutaandika tarehe, mahali, na “Danaus au Hypolimnas”, basi. Programu ya simu ilikuwa imempa jina moja bila kusita, na ndiyo shida yake, huanza kwa yule anayepigwa picha zaidi.

Picha nyingi zilizo kwenye bahasha ni za fungu la pili. Nimeziandika namba nyuma kwa penseli. Namba 1 hadi 6 nataka jicho lako tu. Namba 7 usiiangalie haraka. Ilipigwa Karura, karibu na maporomoko, na watoto walisema Danaus kwa kauli moja. Mimi nilihesabu miguu. Danaus na misippus wote wawili husimama kwa miguu minne, maana ile ya mbele imekuwa vijiti vidogo vilivyokunjwa kifuani, kwa hiyo kati yao miguu haisemi kitu. Huyu amesimama kwa sita. Nadhani ni jike la Papilio dardanus, lile umbo la trophonius linalomwiga Danaus. Dume lake lenye mikia, la rangi ya njano iliyopauka, tunaliona mara kwa mara, lakini jike la chungwa sijawahi kulipata huku nyanda za juu ambako majike yake yana sura nyingi hivi. Sitaki kulitangaza mpaka uniambie. Nimelitazama usiku kwa kurunzi na lenzi ya Mwalimu Chengo, nikahisi furaha ya kitoto.

Namba 8 na 9 nimeziweka kwa ajili ya furaha tu. Watoto walizileta kama spishi mbili, mmoja wa buluu yenye safu ya madoa mekundu na mwingine mwekundu wa kutu. Ni Precis octavia wote wawili. Wa buluu ni wa kiangazi, mwekundu ni wa masika. Zawadi alikataa katakata, akasema haiwezekani mtu na ndugu yake wasifanane hata chembe. Nimemwahidi kwamba rafiki yangu wa Gede atamwandikia.

Namba 10 na 11 ni wale wadogo wa buluu, Leptotes. Usijichoshe. Hao hata wenye darubini huwapasua tumbo watazame viungo vya uzazi ndipo wawape jina. Kwetu watabaki Leptotes. Nimewatia humo uone jinsi Otieno alivyowanasa, mkono hautetemeki.

Narudi kwa picha ya ukutani, maana ndiyo iliyonikalisha mezani usiku huu. Sijayafuta maandishi yako. Nilichukua kalamu mara mbili nikairudisha. Ule ni mkono wako, na siku ile naikumbuka: tulikuwa tumekula mahindi ya kuchoma pale Limuru Road, Chengo akatuambia tusimkaribie yule kipepeo kwa kivuli, nawe ukamzunguka kwa magoti. Alipotaka kuruka aliondoka kama mshale, unakumbuka? Danaus haondoki hivyo. Yeye huelea tu kama mwenye shamba, maana kiwavi wake amelelewa kwenye gugu lenye utomvu wa maziwa, sumu imo mwilini, na ndege akishamwonja hamrudii. Misippus amekulia kwenye yale majani manene yanayotambaa ardhini, hana kinga ile. Huenda polepole kwa kuiga, lakini akishtuka hukimbia. Alitwambia mwenyewe siku ile ni nani, Kazungu, na sote watatu tulikuwa tunacheka.

Sasa ombi langu, na nakuomba usiliweke kando. Nahitaji picha za misippus ambaye umemlea tangu yai, ili asiwepo wa kubisha kwamba huenda ni Danaus. Jike mwenye ncha nyeusi na jike la inaria, ukimpata. Kila mmoja juu na chini, na moja ya ubavuni akiwa amefunga mabawa. Kando yake Danaus, naye vivyo hivyo, dume na jike. Picha tu, wadudu wenyewe wabaki huko huko. Nitazichapisha kubwa tuzibandike ukutani darasani, watoto wasimame mbele yake kabla ya kwenda bustanini. Gharama ya filamu hakuna siku hizi, gharama ni muda wako, nami najua wakati wa kupeleka pupa pale mradi wa Kipepeo huna hata nafasi ya kujikuna. Lakini wewe una mwanga wa asubuhi na kipepeo aliyetoka kwenye pupa, mabawa hayajakauka, ametulia kama picha. Mimi huku nawakimbilia.

Na jambo la pili, dogo. Kwenye ile diski yako kuukuu ya picha za City Park, je, hukupiga nyingine siku ile ile, ya kipepeo yule yule, kabla hajakunjua mabawa? Nahisi ulipiga. Nakumbuka kamera ililia mara nyingi. Kama ipo, hata ikiwa na ukungu, nitumie. Nusu doa linanitosha mimi, lakini natamani tulione zima.

Haya, nieleze na ya kwako. Misippus wanakuja kwenye banda lako wenyewe au mpaka uwatege? Huko Gede inaria ni wengi kuliko wenye ncha, kama ilivyo kwa Danaus wenu? Umewahi kulea Danaus wa kutoka jike moja ukapata watoto wote majike? Yule kijana wa Dida bado anakusaidia au amekwenda Mtwapa? Mvua zimewafikia? Kisima kimekurudishia simu au umenunua nyingine? Na Chengo, umemwona? Unadhani alijua siku ile akanyamaza atuone tutafika lini?

Juu ya picha, niambie nifanye nini. Niongeze mstari chini ya maandishi yako kwa mkono wangu, au ningoje uje Desemba uandike mwenyewe? Kiti kile kile alichopanda Zawadi nimekiacha palepale.

Ni mimi nduguyo,
Athumani

Baraka anasema basi lake linarudi Jumapili. Ukiweza, mpe jibu la namba 7 hata kwenye kipande cha karatasi.