Mwacheni mwenzake aingie: barua ya wazi kwa wamama wa Bukavu

Wamama wenzangu, na ninyi mabinti zangu mtakaosomewa hii kwenye simu ya jirani,

Mwezi uliopita nilialikwa arusi hapa Kadutu, mtaa wetu wa Bukavu. Chakula kilikuwepo, kwaya iliimba, bwana arusi alicheka mpaka jino la mwisho. Sherehe ikiwa imepamba moto akafika binti mmoja mlangoni, miguu ina vumbi la mbali, amebeba sufuria kubwa mpya iliyofungwa ndani ya kitenge. Shangazi wa bwana arusi akamwendea. Sikusikia yote, lakini hili nililisikia: "Wewe ni wa kule. Leo hatutaki habari za kule." Kisha akaipokea sufuria na kufunga mlango. Zawadi safi, mleta zawadi mchafu!

Bibi arusi na yule binti walitekwa usiku mmoja, wakatoka porini asubuhi moja. Msianze kukisia ni nani na wa mtaa gani, maana kukisia kwenu ni sehemu ya ugonjwa ninaotaka kuusema.

Mimi ni mkunga mstaafu. Kwenye chumba cha kuzalia mwanamke husema mambo ambayo hamwambii mama yake mzazi wala padri. Tangu vita vya 1996 hapa kwetu mashariki mwa Kongo, na tena tangu 1998, nimepokea wanawake waliotoka vijiji vya Kivu Kusini: Bunyakiri, Kaniola, Mwenga, Shabunda. Mnajua wanavyochukuliwa. Watu wa bunduki wanafika usiku, wanakusanya mbuzi, maharagwe na masufuria, halafu wanatafuta vichwa vya kubeba. Mwanamke anaanza kama mbeba mzigo. Akifika msituni anakuwa mpishi, mchota maji, na "mke" wa mtu ambaye hakutoa hata kuku kwa wazazi wake. Wengine walikaa wiki, wengine miaka.

Sasa niwaambie urafiki wa kule unavyokuwa, kwa sababu naona mnaufikiria kama urafiki wa kwenye basi.

Wawili wana kitenge kimoja. Mmoja anafunikwa, mwingine analala upande wa nje, karibu na mlango wa kibanda, ili mkono ukija gizani umkute yeye kwanza. Kesho wanabadilishana. Wanasema uongo kwamba wamezaliwa na mama wawili ndugu, ili kundi likigawanyika wasitenganishwe, na wanakariri majina ya wajomba wasiokuwepo, wasije wakajikanganya wakiulizwa. Chumvi inafichwa kwenye pindo la nguo. Mama mmoja aliniambia alipigwa kitako cha bunduki, taya likavimba hata kinywa hakifunguki. Mwenzake akawa anatafuna muhogo wa kuchoma, anautoa, anamwekea kati ya midomo kwa kidole. Alipona hivyo. Mtu wa namna hiyo anaitwaje kwenu? Mgeni asiyealikwa?

Na jioni, tumbo likiwa tupu, walikuwa wanapika kwa mdomo. "Leo tunapika nini?" Mmoja anaanza: sombe, yale majani ya muhogo, itwangwe laini, iwekwe mawese. Mwingine anaongeza sambaza, samaki wetu wadogo, wa kukaanga, wabichi kutoka ziwani, si hawa wa kuanikwa. Wakawa wanagombana kabisa kama kitunguu kiingie mwanzo au mwisho. Aliyenisimulia alicheka, halafu akalia, halafu akaniambia mpaka leo hajakubali, kitunguu ni mwanzo.

Msidhani ni mambo ya porini kwetu tu. Masista walinifundisha Kifaransa, basi huwa nasoma. Wakati wa vita vya Hitler kulikuwa na kambi ya wanawake iitwayo Ravensbrück, kaskazini mwa Berlin, ambako kati ya 1939 na 1945 walipitishwa wanawake wapatao 130,000 kutoka nchi nyingi. Nao, kwa njaa ile, walipika kwa mdomo, wakaandika mapishi kwenye vikaratasi. Kulikuwa na Wapolandi 74 ambao madaktari wa kambi waliwapasua miguu kwa majaribio, wakaitwa "sungura". Mwanzoni mwa 1945 ilipojulikana kwamba wamepangiwa kuuawa ili ushahidi upotee, wafungwa wenzao wa kila lugha wakawaficha mabanda kwa mabanda, wengine wakapewa namba za marehemu. Germaine Tillion, msomi Mfaransa, alifichwa na wenzake ndani ya kasha ili asiende kazini, akakaa humo akitunga mchezo wa kuimba wa kuwachekesha. Mama yake mzazi aliuawa humohumo kambini, Machi 1945. Geneviève de Gaulle, binti wa kaka yake yule Jenerali de Gaulle aliyewaongoza Wafaransa dhidi ya Hitler, alipotimiza miaka 24 wenzake walimkandia keki ya makombo ya mkate.

Lakini kilichonifanya niwataje ni mambo ya baada ya kutoka. Wafaransa hao walirudi makwao wakiwa mifupa, na mwaka uleule wa 1945 wakaunda chama chao cha waliokuwa wamefungwa, cha kutafutiana madaktari na kusaidiana. Tillion na Geneviève walibaki marafiki mpaka uzee. Mwaka 2015 Ufaransa ikawaingiza wote wawili siku moja katika Panthéon, jengo la Paris wanamoheshimiwa wakubwa wa taifa. Hakuna shangazi aliyesimama mlangoni kusema huyu ni wa kule.

Kwetu mnafanyaje? Binti akirudi, neno la kwanza: "Achana na wale." Namba ya simu ya mwenzake inafutwa. Mwenzake akija kumsalimu anaambiwa amelala. Nikiwauliza, mnanipa sababu mbili, na zote mbili nimezichoka.

Ya kwanza: "Anamkumbusha ya porini." Kwa hiyo mwenzake asipokuja anasahau? Mimi nimelala chumba kimoja na hawa wanawake zamu za usiku. Saa nane anaamka anapiga kelele, jasho linatiririka, hajui yuko wapi. Mume anaogopa, anawasha taa, anauliza maswali, anazidisha. Mwenzake anayejua kilichotokea haulizi chochote. Anamtajia jina lake, anamwambia uko Bukavu, kesho tunakwenda sokoni, lala. Siri ya mtungi aijuaye kata, na ninyi mnataka kuvunja kata mkidhani mnatunza mtungi.

Ya pili: "Atatoa siri, mahari itarudishwa." Hapa nipeni nafasi nigombe kidogo. Siri za hawa mabinti hutolewa na nani? Niambieni. Zinatolewa kwenye foleni ya bidoni bombani, na kwenye mazoezi ya kwaya mnapongojea mpiga gita. Zinatolewa na wifi aliyenyimwa kitenge cha Krismasi. Nimewasikia kwa masikio yangu mkimwita mtoto wa miaka mitano "interahamwe", jina la wale wauaji wa Rwanda waliokimbilia misitu yetu, kwa sababu alimwaga maji. Mtoto wa miaka mitano! Mwenzake wa porini amekaa na siri hiyo tangu siku ya kwanza, anaijua kwa tarehe na kwa jina la mtu, na hajafungua kinywa. Halafu mnamwogopa yeye.

Mnapenda kujisifu kwa hospitali ya Panzi, hapa Bukavu, inayowatibu wanawake waliobakwa. Ni haki yenu, ni yetu, ipo tangu 1999, na Daktari Mukwege aliyeianzisha mnamwita mtoto wa nyumbani. Mwaka 2018 alipopewa tuzo ya Nobel ya Amani hakuwa peke yake. Alipewa pamoja na Nadia Murad, Myazidi wa Iraki aliyetekwa na Dola la Kiislamu mwaka 2014 pamoja na wanawake na wasichana wengi wa kabila lake. Wayazidi ni watu wenye dini yao wenyewe, na wana desturi kali sana kuhusu nani ni wao na nani si wao. Hata hivyo Baba Sheikh, mkubwa wao wa dini, alitamka hadharani kwamba waliorudi wapokewe na wasiguswe, na wanawake wakaenda kuoshwa kwa maji ya hekalu lao la Lalish. Nimekuwa nikimsubiri mchungaji mmoja, mmoja tu, asimame Jumapili aseme maneno ya namna hiyo bila kuongeza "lakini". Nawaambia pia ukweli wote: kwenye watoto waliozaliwa utekani, Wayazidi nao walikwama. Mwaka 2019 wakubwa wao walisema watoto hao hawamo, na kuna mama waliolazimika kuchagua kati ya mtoto na nyumbani. Kwa hiyo hakuna wa kumcheka mwenzake.

Mengine nayasema harakaharaka, maana mnayajua na hamyafanyi. Akitoka leo, apelekwe hospitali leo, kwa sababu dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi inataka ianze kabla ya saa 72 kupita. Anayevuja mkojo hajarogwa, ni fistula, yaani tundu ndani ya mwili, inashonwa. Msimuulize baba wa mtoto. Msimpige picha. Msimwozeshe kwa haraka ili "ifunikwe".

Na ninyi wa mashirika mnaokuja na karatasi. Wawili wametoka pamoja, mmoja kwao Kalehe, mwingine kwao Walungu. Mradi wenu ni wa Walungu, basi mmoja anapata cherehani na mwingine anapata pole. Mmewatenganisha kwa kalamu, jambo ambalo bunduki ilishindwa. Tangu mji wetu uchukuliwe na waasi wa M23 Februari 2025 wengi wenu mmefunga ofisi, sawa, lakini siku mtakaporudi wekeni kwenye fomu swali moja: ulikuwa na nani? Na huyo naye mtafuteni. Kuna sheria ya Desemba 2022 ya kuwafidia waliotendewa haya. Hata hiyo inasubiri karatasi na ushahidi, na shahidi wa kwanza wa mwanamke aliyefungwa kibandani ni aliyelala naye kwenye kibanda.

Mabinti zangu, sasa ninyi. Sogeeni.

Sitawadanganya kwamba kila aliyekuwa nawe kule ni ndugu. Mnajua kulikuwa na aliyepewa fimbo awapige wenzake, akawapiga. Kulikuwa na aliyesema mpango wa kutoroka ili apate ugali. Njaa na woga vilifanya kazi yao, na huna deni la kukaa naye meza moja. Ukimwona sokoni na moyo ukadunda, pita upande mwingine. Kumsamehe ni habari yako na Mungu, na msikubali mtu awafanyie haraka juu ya hilo kwa maikrofoni.

Na uliyemwokoa mwenzako usimtoze maisha yake yote. Nimemwona mmoja anakuja kila mwisho wa mwezi: "Bila mimi ungekuwa mfu," halafu mkono unanyooka. Mwingine akauza mbuzi, akauza redio, mwishowe akahama mtaa. Ulimlisha muhogo kwa kidole, ndiyo. Basi usiudai tena.

Lakini yule wa kweli, mshikeni. Ukibadilisha laini ya simu, mwambie yeye kabla ya mumeo. Mtoto akibatizwa, awe yeye mama wa ubatizo. Mchumba akija, mjulishe mapema kwamba kuna huyu dada, na kwamba akimuoa mmoja, mwingine atakuwa anakuja kula. Akikataa, umeokoa pesa za sherehe. Mnapokutana si lazima mzungumze ya kule. Nawajua wawili wanaokutana soko la Nyawera kila Jumanne, wananunua karanga, wanawasema wapita njia, wanarudi nyumbani. Inatosha kabisa.

Mwisho, tangazo. Likelemba yetu ya Alhamisi, hapa Kadutu, chama chetu cha kuchangiana pesa na kupokea kwa zamu, imebadilisha utaratibu wake. Mwanamke akija na mwenzake wa porini wanaandikwa pamoja na zamu zao zinafuatana, hata kama mmoja hana jamaa mjini wa kumdhamini. Mdhamini ni yule mwenzake. Kuna waliokwisha kununa na kutishia kutoa pesa zao. Pesa zao zipo kwenye bahasha, waje na kitambulisho, na waje kabla ya saa tisa kwa sababu baadaye tunakuwa tunahesabu.

Mama mkunga, Kadutu