Risala ya Klabu ya Fasihi kwa Mgeni Rasmi, Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, amani iwe kwenu.

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuja kujumuika nasi hapa Mwanza, katika siku za kuwakumbuka Watutsi waliouawa Rwanda kuanzia Aprili 7, 1994.

Mgeni Rasmi, kwa watu wa Kanda ya Ziwa habari hii si ya mbali. Mto Kagera ulibeba maiti hadi katika ziwa hili hili tunaloogelea. Upande wa Uganda wavuvi walizitoa majini na kuzizika, maelfu kwa maelfu. Wazee husimulia jinsi watu walivyoacha kula samaki. Mwisho wa Aprili mwaka ule, wakimbizi wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo, mpakani mwa Rwanda na Tanzania, kuingia Ngara ndani ya saa 24.

Hayo tunafundishwa kwenye Historia, na tunashukuru. Ila mwanafunzi anaweza kuandika kwamba zaidi ya watu 800,000 waliuawa kwa takriban siku 100, akapata alama zote, na moyo wake usiguswe. Fasihi humtoa mmoja katika hao, ikampa jina, mama, na jirani aliyekuwa akimwazima chumvi. Mwandishi wa Senegal, Boubacar Boris Diop, alikwenda Rwanda mwaka 1998 na waandishi wenzake wa Afrika, kisha akaandika riwaya iitwayo Murambi. Murambi ni mahali ambapo maelfu ya Watutsi walikusanyika katika shule ya ufundi wakidhani watalindwa, wakauawa humo. Ilikuwa shule, Mgeni Rasmi, yenye madarasa kama haya.

Tena mauaji yale yalitanguliwa na maneno. RTLM, redio ya chuki ya huko Rwanda, iliwaita Watutsi mende, huku ikipiga muziki mtamu. Anayezoea kuchambua shairi na tamthiliya huuliza: nani anasema, na anataka nimwoneje mwenzangu? Tunaamini kijana mwenye mazoea hayo hapelekwi ovyo na kila kinachotumwa kwenye simu.

Nasi tuna ya kwetu. Hatuyalinganishi na ya Rwanda, lakini hatuwezi kuyanyamazia. Katika kanda hii watu wenye ualbino wamewindwa kwa ajili ya viungo vyao, na vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi kwa kuwa macho yao ni mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni. Tulipokuwa tukisoma riwaya ya Takadini, pale Sekai anapotoroka usiku na mwanawe mwenye ualbino ili asiuawe, mwenzetu wa kidato cha pili aliuliza, "Majirani walikuwa wapi?" Mjadala ukachukua kipindi chote, tukatoka maktaba ikifungwa, na bado tunabishana njiani.

Changamoto yetu kubwa ni vitabu. Nakala moja husomwa na wanafunzi wengi, kurasa zimeanza kuchomoka. Tunaomba utusaidie kupata nakala zaidi. Pia tumetunga igizo fupi kuhusu bibi anayesingiziwa uchawi, na tungependa kulipeleka vijijini Magu na Misungwi wakati wa likizo. Tunaomba usafiri, na barua yako kwa watendaji wa vijiji ili tupokelewe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.