Mwaka mpya kwa Bibi, Mbagala

Shikamooni wakubwa, habari zenu wadogo zangu.

Mwaka jana Bibi alipanga sahani kumi na nane mkekani, tukaja sita. Nyingine alizirudisha kabatini moja moja, kimya. Mpaka leo hainitoki.

Safari hii twende wote: Alhamisi, Januari 1, 2026, saa 4 asubuhi, Mbagala Rangi Tatu.

1. Mchango wa pilau sh. 15,000, umfikie mama mdogo kabla ya Jumapili, Desemba 28.
2. Vijana, nguo za kazi. Paa la chumba chake linavuja, tuzibe.
3. Jioni tumpelekee chakula jirani aliyelazwa. Ndiye aliyekuwa akimchotea Bibi maji sisi tukiwa hatuonekani.

Tafadhali andika hapa "nipo" na idadi ya watoto, leo.